Miiba Iliyotazama Ndani

Wa kwanza kusema alikuwa Kitinda, aliyeona asubuhi ya kufua. Kamba ilikuwa imejaa, akaamua kulitandaza shuka la mwisho juu ya ua wa michongoma, kama walivyofanya siku zote nguo zikizidi. Shuka likanasa kabla hajaliachia. Akalivuta, likachanika kwa mlio mrefu. Akainama kuangalia lilikonasa.

Miiba yote ilikuwa imetazama ndani.

Haikuwa ya tawi moja lililopinda. Kila mwiba, mrefu kama kidole, kuanzia chini ya shina hadi kileleni, ulikuwa umegeuza ncha yake kwenye nyumba, kama watu waliopanga foleni halafu wote wakageuka kukutazama wewe. Baba alikuwa amemruhusu kwenda dukani kuchukua sabuni, na ruhusa hiyo ilikuwa haijaisha, kwa hiyo Kitinda akatoka getini na kuzunguka mpaka upande wa barabara. Huko nje ua ulikuwa majani matupu, laini, yanang'aa. Mbuzi wa jirani alikuwa anajikuna mgongo hapo, amefumba macho kwa raha.

Akarudi jikoni. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Mama, ile miiba—"

"Nimeona."

"Tangu lini?"

"Punguza sauti."

"Mti hauna macho, mama. Umejuaje ndani ni wapi?"

Mama akatoa kijiwe kwenye mchele, akakiangalia kama kwamba hicho ndicho kilichoulizwa. "Nimekwambia punguza sauti. Unasikilizwa."

Baba yake Kitinda alikuwa fundi wa nyua za miti, na mtaa mzima ulimwita Bwana Miiba. Nyuma ya nyumba alikuwa na kitalu cha michongoma: mbegu alizozikamua kwenye matunda yaliyoiva, akaziosha, akazikausha kivulini, akazifukia katika vifuko vyeusi vya nailoni, mpaka miche ikafika urefu wa shubiri na kwenda kwa wateja. Alipanda mistari miwili, mche wa mstari wa pili ukiangalia pengo la mstari wa kwanza. Miche ikifika magotini aliikata vichwa yote, bila huruma. "Mti ukiuacha unakwenda zake juu," aliwaeleza wateja. "Ukiukata kichwa unarudi chini, unajibana, unakuwa ukuta." Nyumbani alikuwa na mabinti wawili, na somo lilikuwa hilohilo.

Alikuwa na mazoea mengine. Kila alipofukia mche alichutama, akauweka mdomo karibu na udongo na kuutwika kazi. "Wewe uliye humu chini, usiyeonekana, nakupa lindo. Asiingie mwizi. Asiingie mnyama." Wateja wengine walicheka, lakini hakuna aliyemkatiza, kwa sababu nyua za Bwana Miiba hazikuwahi kuvukwa na mwizi hata mmoja. Mwenyewe alisema kila ardhi ina wenyewe, na jini asiye na kazi atakutafutia wewe kazi.

Halafu binti mkubwa akaenda mji mwingine kushona nguo, akapata mwanamume anayempenda, akaolewa, kisha ndipo akampigia baba simu kumwambia. Hakuomba. Alimwambia tu. Bwana Miiba hakugomba. Alikwenda kitaluni akachagua miche bora kuliko yote, akaizungushia nyumba yake mwenyewe. Kitinda, wakati huo bado wa shule, alimfuata nyuma na ndoo ya maji na kopo, na katika kila shimo alisikia neno jipya: "Asitoke mtu wa nyumba hii ila kwa neno langu."

Mtu aliyetumia maisha yake yote kuzuia wanaoingia, safari hii alizuia wanaotoka. Na nani alimuuliza? Majirani walisimama barabarani wakasifu mistari ilivyonyooka. Mwanamume akifunga nyumba yake, watu husema huyo anaijali. Hawaulizi funguo zinakaa mfuko gani.

Ua ukakua haraka kuliko nyua zote alizowahi kupanda, na maisha ya humo ndani yakawa ya kuomba. Kwenda dukani, unaomba. Kwenda msibani, unaomba. Bwana Miiba kabla ya kujibu alikuwa anasafisha koo, *kh-hm*, kama hakimu anayevuta kiti, halafu unasubiri, na katika kusubiri huko ndimo alimokuwa na furaha yake. Mara nyingi alikubali. Alipenda tu uombe.

Kitinda akafaulu, akapata nafasi chuo cha ualimu. Akasema wakati wa chakula cha mchana, maana alijua baba hapendi kugomba akiwa na njaa.

"*Kh-hm*. Chuo cha nini?"

"Ualimu, baba."

"Ukamfundishe nani?"

"Watoto wa watu."

"Watoto wa watu wana wazazi wao." Akamega tonge. "Dada yako naye alianza na cherehani."

"Dada ana nyumba yake na watu wanamheshimu. Nipe sababu moja tu, baba. Moja, niijibu."

"Unanifanyia mdahalo?"

"Naomba sababu."

"Sababu ni mimi."

"Wewe si sababu. Wewe ni baba."

Mama akasimama kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Bwana Miiba alikuwa amekwisha kuinua kidole. "Sikiliza wewe. Hutoki humu bila neno lang—"

Mdomo ukaenda upande. Kidole kikabaki hewani, kisha mkono ukashuka peke yake kama kitu kilichokatwa kamba, na Bwana Miiba akateremka kutoka kwenye kiti taratibu, macho wazi, ulimi ukitafuta herufi zilizobaki.

Kitinda akakimbilia getini. Jua lilikuwa la utosi, saa ambayo mtu hana hata kivuli cha kufuatana naye. Geti la bati lilikuwa wazi tangu asubuhi, akaona barabara, akaona mbuzi, akaona mwanamke wa ng'ambo anafagia, na alipofika kizingitini tawi likawa mbele yake. Halikuanguka, wala halikusogea kwa namna ya kuonekana. Lilikuwa tu pale, halafu la pili, halafu ikawa kiza cha majani mahali palipokuwa na barabara, na miiba ikamshika nywele, ikamshika bega, ikapenya kitambaa na kutafuta nyama kwa utulivu wa mkono wa mzee anayekukamata usivuke njia. Akasikia harufu ya ugoro wa baba yake. Kisha, katikati ya majani, karibu na sikio kiasi cha kuhisi pumzi, kitu kikasafisha koo.

*Kh-hm.*

Akasubiri. Mwili wake ulikuwa umezoea kusubiri baada ya mlio huo. Lakini aliyepaswa kujibu alikuwa chini sebuleni, mdomo umepinda, na kile kilichokuwa ndani ya majani nacho kikasubiri, kwa subira isiyokuwa ya mtu.

Akapiga kelele. Majirani wakaja mbio, wakaingia getini kama wanavyoingia watu popote. Tabibu wa zahanati akaja, akaingia, akampima mgonjwa. "Kiharusi. Upande wa kulia wote, na ulimi. Apelekwe hospitali kubwa." Vijana wanne wakambeba kwenye godoro. Watatu wakavuka geti. Godoro likakwama.

"Inueni huko nyuma," tabibu akasema.

"Tumeinua."

Wakavuta. Bwana Miiba akatoa sauti ya kwanza tangu aanguke, sauti nyembamba, na walipolirudisha godoro ndani mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umechanika kutoka kiwiko mpaka kidole, mistari mirefu iliyonyooka. Vijana wakaangalia geti. Wao waliona geti, basi. Wakalaumiana kwamba kuna aliyembamiza kwenye bati. Tabibu akasema kama ni hivi heri atibiwe nyumbani, yeye atakuwa anapita.

Neno lilikuwa halimtoi hata mwenye neno.

Ndivyo walivyofungwa, watatu, katika nyumba ambayo kila mtu mwingine aliingia na kutoka. Na huko nje Kitinda akapata sifa ambazo hajawahi kuzipata. Wageni walikuja kumtazama mgonjwa, wakamkuta anamgeuza ubavu, wakatikisa vichwa. Binti mwema. Kaacha chuo, kakaa na babake, hata dukani haendi. Wakamwombea baraka, wakaondoka kupitia geti lililo wazi. Aliwaambia ukweli wawili watatu. Walimpapasa mkono wakasema uchovu huo, mwanangu, utapita.

Aliyemsikiliza alikuwa Mama Maziwa, mwanamke mnene mwenye baiskeli na madumu mawili, aliyeleta maziwa kila asubuhi na maneno ya bure juu yake.

"Mimi siamini," alisema, "lakini na nyinyi si watu wa kuongopa. Lete mkono."

"Utaumia."

"Nimezaa saba. Lete mkono."

Akamshika Kitinda kifundo cha mkono, akageuka, akatembea kutoka nje kwa mwendo wake wa kila siku. Yeye alipita. Alipoangalia nyuma alikuwa ameshika mkono wa gauni, mkono wa nguo tu, mwekundu wa damu mpaka kwenye mshono, na Kitinda alikuwa ndani, ameanguka kwa magoti kwenye mchanga, hatua mbili kutoka kwenye geti ambalo Mama Maziwa aliliona liko wazi kabisa.

Hakusema neno la bure siku hiyo. Alisimama akakitazama kitambaa. Mwisho akanong'ona, "Wanasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Hiyo ngoma yenu sasa inachezwa na nani?"

Habari za ugonjwa zikamfikia dada. Akaja bila kutangaza, amembeba mgongoni mtoto ambaye mama hakuwahi kumwona. Mama alikuwa uani anaosha masufuria. Alipoona nani yuko barabarani aliinuka, mikono ina povu, uso umefunguka kama wa msichana. Dada akaharakisha, akafika getini, akainua mguu.

"Usiingie."

Dada akasimama.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Usiingie. Rudisha mguu."

"Bado mmenikasirikia?"

"Nakuomba, mwanangu. Wewe pia ni mtu wa nyumba hii." Mama alijaribu kumweleza, kwa sauti ya chini, huku majani kulia na kushoto yakianza kutikisika ingawa upepo haukuwapo, na kutoka kwenye majani yale, pande zote mbili za geti kwa pamoja, kikatoka kile kikohozi, safari hii laini, karibu cha kubembeleza, kama mzee anayemkaribisha aliyepotea. Dada akakisikia. Alikijua. Alirudi nyuma mpaka katikati ya barabara, na mtoto akaanza kulia.

"Mgeuze nimwone," mama akasema.

Dada akamshusha, akamgeuza. Mama akamtazama mjukuu wake kutoka hapo alipo, povu likikauka mikononi. Aliuliza jina la utani wanalomwita, akaambiwa. Alilirudia mara kadhaa. Halafu akasema, "Nenda sasa, jua kali kwa mtoto," akarudi kwenye masufuria.

Jioni ile Kitinda alimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mimi hakunipandia miiba," mama alisema bila kuulizwa. "Unajua hilo? Miaka yote hii. Mimi alinipandia maneno tu, nikakaa."

Mama Maziwa ndiye aliyemleta mganga. Alikuja kwa pikipiki, mtu mfupi mwenye miwani na mkoba wa plastiki, akaegesha ng'ambo ya barabara. Kitinda akamkaribisha.

"Nitasomea hapahapa," mganga akasema.

"Wageni wanaingia, jini haliwadhuru."

"Leo. Kesho likiamua nami nimekuwa wa nyumbani? Hapana, binti. Mimi nina wake wawili, nikichelewa kurudi mahali nina kesi."

Akafukiza ubani kwenye kigae, akaanza kusoma. Moshi ukaenda mpaka kwenye majani, ukasimama. Alisoma kwa nguvu, akasoma kwa upole, akanyunyiza maji, akaita majina ambayo Kitinda hakutaka kuyasikia mara ya pili, na kila alipomaliza fungu ua ulisafisha koo, kwa adabu, kama mtu aliyekubali kungoja zamu yake. Mwisho mganga akauliza kwa sauti kubwa: "Nani amekuweka hapa?"

Ndege waliokuwa kwenye waya wakaruka wote. Kisha majani yakaanza kusema, kwa sauti ambayo haikuwa moja, ilikuwa ya kila jani na kila mche kuzunguka nyumba nzima, mmoja ukimpokea mwenzake, kwa mpangilio uleule ambao mtu alichutama akaenda akichutama, shimo baada ya shimo: *Asitoke mtu wa nyumba hii ila kwa neno langu. Asitoke mtu wa nyumba hii ila kwa neno langu.* Ilikuwa sauti ya baba yake. Nyuma ya sauti hiyo, mbali, Kitinda akasikia maji yakimwagika kutoka kwenye kopo, na akatambua kwamba aliyekuwa akimwagilia ni yeye.

Mganga alizima ubani kwa soli ya kiatu.

"Nimefukuza majini mengi," alisema, "yaliyowaingia watu. Hili halijamwingia mtu. Hili lina ajira."

"Basi lifukuze kazi."

"Mlinzi hafukuzwi na mpita njia. Aliyemweka ndiye wa kumtoa. Siku huyo mzee akisema kwa kinywa chake, kwa kutaka kwake, 'nendeni', litaondoka bila kuvunja hata jani. Lina heshima kuliko walinzi wengi ninaowajua."

Mama akauliza, kwa sauti ndogo, "Na akifa kabla hajasema?"

Mganga alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mtunzeni," akasema. "Mtunzeni sana. Amri ya maiti haina wa kuitengua." Akawasha pikipiki.

Kitinda aliyenyimwa chuo akapata mwanafunzi. Kila asubuhi alimkalisha baba kwenye kiti, akamwegemeza kwa mito, akamshika kidevu kilichopooza. Ma. Me. Mi. Alimwonyesha midomo inavyokutana. Bwana Miiba alitokwa na mate, alikasirika, alilia kwa jicho moja. Mo. Mu. Alimfuta, akaanza upya. Alikuwa mwalimu mzuri, na hilo ndilo la kuuma: hata tabibu alisema hajaona mgonjwa wa aina hii anarudi namna hii. *Maji* lilikuwa la kwanza. Halafu *mkojo*, ambalo Mama Maziwa alilisherehekea kuliko mwenyewe. Halafu *Kitinda*, siku ambayo mama alikwenda kusimama nyuma ya nyumba peke yake.

Chuo kilikuwa kimekubali kumshikia Kitinda nafasi mpaka muhula unaofuata, si zaidi. Mama Maziwa ndiye aliyekwenda kumwombea, na baiskeli yake na madumu yake, akasubiri kwenye benchi ya ofisi kati ya watu waliovaa vizuri.

Ua nao haukukaa. Kitinda alikata kila alipoweza, na alijua kukata, alifundishwa na bingwa. Lakini mchongoma ukikatwa hujibana, na huu ulijibana kuelekea nyumba. Ukala kamba ya nguo. Ukala bomba, wakawa wanachota maji mkono umefungwa matambara. Ukafika dirisha la chumba cha mama, na mchana ndani ya chumba ukawa wa kijani, na mtu akilala kitandani humo alisikia kucha nyingi nyembamba zikijaribu kioo, moja moja, bila haraka, na akigeukia ukutani ili asisikie alisikia ndani ya ukuta mizizi inakunywa. Mama akahamia sebuleni. Harufu ya ugoro haikutoka tena kwenye mapazia, ingawa mzee hakuwa amegusa ugoro tangu aanguke.

Siku moja Bwana Miiba akamwambia mkewe, polepole lakini kamili, "Nenda kaniletee mto."

Kwenye *nenda*, ua wote ukashtuka. Kitinda alikuwa uani, aliona kwa macho yake: miiba ikayumba, ncha zikaanza kugeukia nje kama majani ya mahindi yanayopitiwa na upepo, na pale getini, kwa pumzi moja, akaiona barabara yote, pana, yenye jua. Halafu likaja neno *kaniletee*. Miiba ikarudi.

Aliingia ndani mbio. "Mama, kumbe kweli. Linamsikiliza."

"Nimeona."

"Basi tumwambie. Sasa anaweza."

Mama alikuwa ameshika mto mikononi. "Mwambie wewe," akasema. "Mimi sijui kumwomba kitu kikubwa. Sijawahi."

Kitinda akamwambia baba kwa wiki nzima, kwa upole, kama unavyomwambia mtu habari ya msiba. Kitinda alimweleza ua, kikohozi, maneno aliyoyasema kwenye mashimo. Alimkumbusha godoro na mkono uliochanika. Bwana Miiba alisikiliza. Hakushangaa hata kidogo, na hilo lilimtia Kitinda baridi kuliko yote aliyoyasikia kwenye majani. Alipoulizwa kama atasema neno, alitikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo.

Siku ya mwisho ya kuripoti chuoni, mchana, walimtoa na kiti chake mpaka mlangoni, akatazamana na geti. Kitinda alikuwa amevaa viatu. Begi lilikuwa miguuni. Barabarani Mama Maziwa alikuwa amesimama na baiskeli, bila madumu leo, tayari kubeba. Mama alisimama nyuma ya kiti, amejifunga kitambaa kipya cha kichwa. Alikuwa amekwisha sema kwamba yeye ataanzia kwa mjukuu, na kwamba baba watampeleka hospitali kubwa siku hiyohiyo, na baadaye yeye atarudi kumuuguza, ila atarudi kwa miguu yake.

Hakukuwa na upepo. Majani yote yalikuwa yamenyamaza, lakini ule ulikuwa unyamavu wa wanaosikiliza, na kadiri Kitinda alivyoutazama ndivyo alivyoona kwamba miiba, kila mmoja, kutoka kona hadi kona, haikumwelekea yeye tena wala nyumba wala dirisha, ilikuwa imemwelekea mzee kwenye kiti, maelfu ya ncha, inangoja neno kutoka kwenye mdomo mmoja uliopinda ambao yeye mwenyewe aliufundisha upya kusema.

Akachutama mbele yake, akamshika mkono mzima, wenye makovu.

"Baba. Ni neno moja. Sema 'nendeni'."

Bwana Miiba akamtazama binti yake. Akautazama ua wake, mistari yake. Akasafisha koo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanguke, na ua ukasafisha koo pamoja naye, mlio mmoja, mtu hangeweza kusema umeanzia wapi.

Wakangoja.

"Na mimi," akasema, kila herufi mahali pake, "nani atanipikia?"

Kitinda hakuachia mkono. "Baba, umeelewa nilichokuuliza?"

"Nimeelewa."

"Kila kitu?"

"Wewe ni mwalimu mzuri," Bwana Miiba akasema. "Nimeelewa."

Kiza kikaingia kutoka pembeni. Majani yakakutana getini bila sauti, na uwanja ukapungua, na kivuli chao kikapanda mpaka kwenye viatu vya Kitinda, kikavifunika, kikasimama hapo.

"Njoo basi," Mama Maziwa aliita kutoka upande wa pili. Sauti yake ilikuwa karibu sana. "Mbona mmesimama? Geti liko wazi."

Kitinda akageuka amwambie mama aseme kitu, mara moja tu katika maisha yake aseme kitu. Nyuma ya kiti hapakuwa na mtu. Kitambaa kipya kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari wa mlango. Kutoka jikoni likasikika sufuria, kiberiti, kisha sauti ya mama, ileile ya miaka yote, ikimuuliza mzee kama leo atapenda uji mzito au mwepesi.